Saida Aliyesubiri Ruhusa

Ndugu zangu, wanaume kwa wanawake, sogeeni mnisikilize. Kisa hiki hakichekeshi. Kimetokea kwetu, kwa watu tunaojuana kwa majina, tunaoazimana chumvi na kuzikana. Nitakisema kama kilivyokuwa. Atakayeguswa asinikasirikie mimi, ajitazame mwenyewe.

Mtawanya, pale mji wa Mtwara unapoishia na mikorosho inapoanza, alikuwapo mwanamke jina lake Saida. Asubuhi zake zilikuwa njema. Akishaswali alfajiri alijitanda khanga, ushungi ukakaa sawasawa kichwani, akachukua panga na ndoo, akashika njia ya bondeni kwenda kwa mama yake. Mama huyo, Bi Halima, aliishi katikati ya shamba lake katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, na hakuna aliyeweza kumhamisha. Miguu yake ilikuwa imevimba na macho yameingia ukungu, lakini ukimwambia aje kukaa mjini alijibu, "Miti hii nimeipanda mwenyewe. Nitakaaje mahali nisipoisikia?"

Saida alimchemshia uji, akamfagilia uwanja, akafyeka nyasi kuizunguka nyumba, kisha akaingia kwenye palizi pamoja na vibarua. Jua likipanda alirudi na mzigo wa kuni au muhogo kichwani. Aliokutana nao njiani walimwamkia, naye akaitikia, na maisha yakaenda.

Kwa mila za kwetu shamba hufuata upande wa mama. Ardhi ile ilitoka kwa bibi, ikaja kwa Bi Halima, na baada yake ingekuwa ya Saida. Mumewe, Idrisa, alikuja kuoa akakaa upande wa mke kama wanaume wengi wa kwetu, na kwa miaka mingi jambo hilo halikumkera. Yeye alikuwa mchuuzi. Alipeleka sabuni, vitenge na mafuta ya kula hadi Kilambo, akavuka Ruvuma kwa mtumbwi kuuza upande wa Msumbiji, akarudi na samaki wakavu. Alikuwa mtu mpole, mcheshi, aliyempenda sana binti yao wa pekee, Mwanaidi, aliyekuwa kidato cha pili.

Hapa naomba mnielewe vizuri. Saida alikuwa mwenye kujisitiri tangu utoto. Hakuna aliyewahi kuziona nywele zake barabarani. Mjomba wake, Maalimu Selemani, aliyemfundisha Kurani na baadaye akasimamia ndoa yake, alikuwa akimtolea mfano kwa wasichana wa madrasa. Kwa hiyo asitokee mtu akasema yaliyompata yalimpata kwa sababu hakujua kuvaa.

Yalianza na ulimi wa watu. Siku moja Idrisa alikuwa kijiweni, wanaume wamekaa wanakunywa kahawa, rafiki yake Fadhili akasema, "Idrisa, mkeo nimemkuta shambani anawapangia vibarua kazi. Wanaume wazima, kila akisema neno wanaitikia. Nikajiuliza, mwenye nyumba hasa ni nani?"

Mwingine akadakia, "Kwani hujui? Pale aliyeolewa ni Idrisa."

Wakacheka. Idrisa naye akacheka, maana usipocheka kijiweni unachekwa zaidi. Lakini neno lile alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, na kulipokucha lilikuwa limeshamwingia damuni.

"Mama Mwanaidi," alimwambia mkewe, "kuanzia leo shambani huendi."

Saida alidhani anataniwa. "Na mama atakula nini?"

"Nitatafuta mtu wa kumpelekea. Palizi nitaisimamia mwenyewe. Wewe ni mwanamke wa Kiislamu. Mahali pako ni ndani."

"Baba Mwanaidi, nikitoka natoka nimejisitiri na nikirudi narudi nimejisitiri. Umeona aibu gani kwangu?"

"Sijaona. Na sitaki kuja kuona."

Idrisa hakumwuliza Maalimu. Hakufungua kitabu. Dini aliichukua kama mtu anavyoitoa fimbo ukutani, akaacha kuiegemea akaanza kuwanyooshea watu.

Siku ya pili akamchukua mkewe hadi mjini, kwenye duka la nguo la Wahindi, akina Asgarali. Nyuma ya meza alikuwa Noorjehan, mke wa Asgarali, mwanamke wa makamo aliyevaa vazi refu la kwao, la rangi ya samawati, lenye lesi kwenye ukingo. Duka zima lilimtegemea yeye. Idrisa aliagiza baibui jeusi la kitambaa kizito, nikabu, glavu na soksi.

Noorjehan alitoa vitambaa viwili akaviweka mbele ya Saida. "Dada, unapenda hiki au hiki chepesi? Joto la hapa unalijua."

"Kizito," akasema Idrisa.

"Nimemwuliza yeye, kaka. Anayevaa ni yeye."

Saida alimtazama mumewe, kisha akatazama chini. "Alichosema yeye," akajibu.

Idrisa alipotoka nje kupokea simu, Noorjehan aliendelea kukunja nguo huku akisema kwa sauti ndogo, "Mimi vazi langu hili nimelichagua, nisipokuwa nalo moyo hautulii. Wapo wateja wangu wanaovaa nikabu kwa mapenzi yao na wana amani nayo. Wewe hata neno lako mwenyewe sijalisikia."

Idrisa akarudi, akalipa, na Saida akachukua mfuko. Walipokuwa wakirudi aliivaa ile nikabu, na njiani akagundua kuwa mle ndani mtu anaweza kulia mchana kweupe na hakuna atakayejua.

Mambo hayakuja kwa pamoja, ndugu zangu. Yangekuja kwa pamoja labda angeyakataa. Yalianza na shamba. Likafuata soko, kwamba Mwanaidi atakwenda baada ya shule. Ikafuata darasa la akina mama la Alhamisi. Zikafuata harusi, kisha hata misiba. Simu ikawa ya kumpigia mume tu. Kila kutoka kukahitaji ruhusa, na ruhusa ilikuwa haipatikani, kwa sababu Idrisa alikuwa Kilambo siku nyingi kuliko alizokuwa nyumbani, na alipokuwapo alisema, "Kwani nyumbani umekosa nini?"

Hakumpiga hata kofi. Jambo hili majirani walilirudia sana baadaye, kama wanamtetea. Na ua wao ulikuwa na geti la mabati ambalo halikufungwa kufuli hata siku moja. Kufuli lilikuwa neno moja tu, alilolisema Idrisa wakati wa chakula, taratibu, huku akimega ugali: "Siku utakayotoka bila ruhusa yangu, Mwanaidi naye shule basi. Nitamvisha kama wewe na atakaa kama wewe."

Tangu siku hiyo Saida hakusogelea geti.

Alimtuma Mwanaidi akamwite mjomba. Maalimu Selemani alikuja, akaketi barazani, akapewa maji.

"Mjomba," Saida akamwuliza, "ipo aya inayonikataza kumwona mama yangu mgonjwa?"

Maalimu alilijua jibu. Alikuwa amewafundisha watoto wa mtaa ule, kizazi baada ya kizazi, haki ya wazazi wawili, na haki ya mama kuliko ya baba. Lakini hakuwa mtu wa kupenda ugomvi, na Idrisa alikuwa mtu wake wa safu ya mbele msikitini. Alikohoa kidogo, akasema, "Subira, mwanangu. Ya ndani ya nyumba yana wenyewe. Mtii mumeo, Mungu atafungua."

Akanywa maji, akaaga.

Jirani yake, Mama Brian, Mmakonde mwenzake aliyekuwa Mkristo, alizungumza naye akiwa upande wa pili wa ua. "Mama Mwanaidi, mbona umekonda hivi? Nikamwambie baba Brian aongee na mumeo?" Baba Brian alipoambiwa alisema ya ndoa hayaingiliwi, tena ndoa ya watu wa dini nyingine. Mama Brian akaona mumewe ana haki. Sote tuliona mwenzetu ana haki, na ndivyo tulivyonyamaza.

Huko shambani, Idrisa alimweka mtu wa kumpelekea Bi Halima unga na maji. Mtu yule alikwenda majuma machache, akapata kazi nyingine, akaacha. Ikabaki kwa Mwanaidi, siku zisizo za shule. Kila alipotoka kwa bibi yake alileta habari, na kila habari ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia.

"Mama, bibi amelala bila kula. Kuni zilikuwa zimekwisha."

"Mama, nyasi zimenifika kiunoni. Njia ya chooni siioni."

Na mara moja, akiwa anavua viatu, bila kumtazama mama yake: "Bibi ananiuliza, mama yako nimemkosea nini?"

Saida alimeza maneno yale kama mtu anayemeza mwiba. Idrisa aliporudi alimwambia, "Baba Mwanaidi, shamba limekuwa msitu. Huu ni wakati wa moto. Nakuomba, kama mimi siendi, weka watu wafyeke japo kuizunguka nyumba."

"Nimesikia. Nikirudi kutoka Kilambo nitaweka watu."

Aliporudi kutoka Kilambo alisema tena vivyo hivyo. Simsingizii ubaya. Nadhani alikusudia kweli kufanya. Ila shamba lile hakuwahi kulijua, na aliona haya kuwauliza vibarua aliokuwa akisema hawafai kuzungumza na mkewe.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, ingawa ulimi wangu hautaki.

Ilikuwa kiangazi, mikorosho imetoa maua, upepo unavuma kutoka kusini. Mwanaidi alikuwa shuleni na Idrisa alikuwa Kilambo. Saida alikuwa uani akitwanga kisamvu, akanusa moshi. Alipoinua kichwa aliuona, mweusi, mnene, unapanda upande wa bondeni.

Mama Brian alikuja mbio, akasimama nje ya geti. "Mama Mwanaidi, moto. Vijana walikuwa wanachoma nyasi watafute panya, umewashinda. Unaelekea kwa mama yako."

Mchi ukamponyoka. Saida aliingia ndani, akachukua simu, akampigia mumewe. Akasikia ile sauti ya mwanamke anayesema namba haipatikani. Akapiga tena. Akavaa baibui, akavaa nikabu, akavaa glavu moja, nyingine hakuiona. Akafika getini. Komeo lilikuwa wazi. Akaweka mkono juu ya bati.

Na hapo miguu ikakataa.

Baadaye alijaribu kumweleza Mama Brian, akashindwa. Alisema hakuona moto wala mama, alimwona Mwanaidi ameketi kwenye mkeka wa ndani, amefunikwa, daftari zake zimefungwa kamba. Alisema alijua kabisa kuwa geti liko wazi, na mwili wake haukujua.

"Twende," Mama Brian alimsihi. "Unasubiri nini?"

"Hapatikani."

"Nani?"

"Baba Mwanaidi. Sijamwambia."

Mama Brian alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. Kisha akajifunga khanga kiunoni, akakimbia peke yake.

Saida alibaki pale, mkono mmoja umeshika bati, mwingine umeshika simu, anapiga na kupiga. Alikaa muda gani hakuna ajuaye, wala yeye. Hatimaye alisikia mlio wa mianzi ya bondeni ikipasuka kwa moto, na mlio ule ndio uliomtoa. Alikimbia. Njiani moshi ulimkaba chini ya nikabu, akaivua akaitupa. Ushungi wake ulibaki kichwani. Haukumtoka.

Alipofika, wanaume walikuwa wakipiga moto kwa matawi mabichi pembeni mwa shamba, lakini katikati ulikuwa umeshapita. Paa la makuti lilikuwa limeanguka ndani. Bi Halima hakuwa ndani. Alikuwa ametoka mwenyewe, kwa miguu yake ile iliyovimba, akitafuta uwanja uliokuwa ukifagiliwa na mwanawe. Hakukuwa na uwanja tena. Macho yake hayakuona, nyasi zikampoteza, na moto ukamkuta hatua chache kutoka mlangoni. Mama Brian alikuwa amemfunika kwa khanga yake, amekaa kando ya maiti, analia kimya.

Saida alikaa chini kwenye majivu. Alianza kung'oa nyasi zilizobaki pale karibu, moja moja, kwa ule mkono usio na glavu.

Idrisa alifika alasiri. Habari zilimfikia mtoni, akapanda pikipiki akaja na vumbi lake. Alipita katikati ya watu, akamwona mkewe ameketi, uso wazi, majivu hadi kwenye nyusi, wanaume wa mtaa mzima wamesimama. Neno la kwanza lililomtoka mdomoni lilikuwa hili:

"Nani kakuruhusu kutoka?"

Kila aliyekuwapo alisikia. Nadhani hata yeye mwenyewe alisikia, kwa sababu alishika kichwa akachutama palepale. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Fadhili, aliyekuwa na tawi mkononi, alitazama pembeni.

Tukazika. Siku ya hitima, Maalimu Selemani alisimama akasema maneno mazito. Akasema sitara ni ibada na ibada haigeuzwi fimbo ya kuchapia watu. Akasema wake wa watu wema walifanya biashara na kulima. Akasema anayemzuia mtu kumhudumia mzazi wake atasimama na jambo hilo siku ya hesabu. Wanaume walilia. Upande wa wanawake Saida alikuwa nyuma ya pazia, anasikiliza.

Maalimu alipokuja kumpa pole, Saida alimwuliza swali moja. "Mjomba, haya uliyosema leo, uliyajua siku ile ulipokuja barazani kwangu?"

Maalimu akasema, "Niliyajua."

"Haya," akasema Saida. Tangu siku hiyo hajamwuliza mjomba wake kitu kingine.

Idrisa hakuweza kukaa. Macho ya watu yalimchoma, na ya mkewe zaidi, ingawa mkewe hakumlaumu hata kwa neno. Alikwenda Kilambo akavuka mto, akabakia ng'ambo. Talaka ilikuja kwa simu. Wanawake wa mtaa, Mungu atusamehe, tulipumua, tukasema sasa Saida amekuwa huru.

Mama Brian alimfuata kila asubuhi. "Mama Mwanaidi, mikorosho mingine imechipua kwenye visiki. Twende ukaone." Saida alivaa, akafika getini, akaweka mkono juu ya bati, akasimama. Kisha alisema, "Kesho." Kesho yake vilevile. Hakukuwa na mume, hakukuwa na amri, na hakuna mtu hata mmoja aliyemkataza. Shamba likaota vichaka. Noorjehan alimtumia salamu na kitambaa chepesi cha zawadi, akakikunja akakiweka kabatini.

Mwaka jana Mwanaidi alimaliza kidato cha nne. Alifaulu, akapata nafasi kwenye chuo cha uuguzi. Sote tulifurahi, tukasema angalau katika majivu yale kimetoka kitu. Siku ya safari alitoka chumbani na begi, amevaa hijabu nyeupe safi aliyoichagua mwenyewe. Akamkuta mama yake amesimama mbele ya geti, mikono ameitandaza.

"Huendi," Saida akasema.

"Mama, gari linanisubiri."

"Huendi. Watu watakuona."

"Mama, baba hayupo. Hakuna wa kutuuliza."

"Najua hayupo." Sauti yake ilikuwa ya upole, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Najua, mwanangu. Rudi ndani."

Mwanaidi alimbembeleza, Mama Brian akambembeleza, Maalimu Selemani akaitwa, akaja na fimbo yake na maneno yake yote. Saida hakuondoka mbele ya geti. Jua lilipopinda yule binti aliweka begi chini, akamshika mama yake mkono, wakaingia ndani pamoja.

Nafasi ile alipewa mwingine. Mwanaidi yupo ndani ya ua ule mpaka leo. Ukipita pale utasikia mchi ukitwanga, lakini mtu humwoni.

FUNDISHO

Ndugu zangu, tusidanganyane. Vazi la Saida halikuua mtu. Vazi ni la mwenye kulivaa na Mola wake. Anayelichagua aheshimiwe na asibughudhiwe, na hata anayechagua jingine asivunjiwe utu wake. Kilichoua ni mwanaume kuichukua heshima ya mkewe akaifanya dawa ya kiburi chake kilichojeruhiwa kijiweni. Mwenye kumfungia mkewe kwa jina la dini ajiulize kwanza anamwogopa Mungu au anaogopa kuchekwa.

Na tusimwachie Idrisa peke yake mzigo huu. Aliyetania ana fungu lake. Maalimu aliyejua akanyamaza ana fungu lake, tena kubwa, maana elimu inayosemwa baada ya mazishi haimfai maiti. Sisi majirani tuliosema ya ndoa hayaingiliwi tuna fungu letu. Ukiona mwenzako anakonda nyuma ya geti lililo wazi, ingia. Ingia mapema, angali anakumbuka namna ya kutoka. Uhuru wa mtu ukinyauka moyoni, kumfungulia mlango hakutoshi tena, na kinachonyauka kwa mama hakiishii kwa mama.